Kicheko cha Mjane wa Lusu

14 Novemba

Mjukuu wangu Anifa amenipa daftari hili na amri juu yake. "Babu, andika kila unachokikumbuka kuhusu ile filamu, hata kiwe kidogo namna gani." Ana miaka thelathini na tano, anafanya kazi Dar kwenye hifadhi ya filamu za zamani, na ananiamuru kama mtoto wa chekechea. Nimekubali kwa sababu amefanya jambo ambalo wakubwa wote wa zamani walishindwa: ameipata filamu yangu. Mikebe sita ya *Mpagazi wa Nyuma* ilikuwa ghalani, chini ya magunia, na sasa imeingizwa kwenye kompyuta. Itaonyeshwa hapa Tabora mwezi wa pili, kabla ya Ramadhani, nami nitasimama mbele ya watu niseme maneno mawili. Kwa ninavyojijua yatafika mia mbili.

Basi kwa atakayesoma: mimi ni Sabiri Shomari, miaka sabini na saba, Mzaramo niliyezaliwa Tabora kwa sababu baba alikuwa fundi wa reli. Nimeigiza filamu tisa za watu wengine, na katika zote tisa ni mtu mbaya. Mlanguzi, mganga tapeli, karani mla rushwa. Walisema nimejaliwa sura. Iliyoninata zaidi ni ya Bwana Kipimo, mwenye duka anayekandamiza mizani kwa kidole. Mpaka leo nikipita sokoni wauza nyanya wanapiga kelele, "Bwana Kipimo huyo, ficheni mizani!" Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nanyoosha kidole wanacheka.

Filamu ya kumi niliiongoza mwenyewe, nayo ndiyo hiyo.

Mvua ya kwanza leo. Bati la chumbani kwangu linavuja palepale pa mwaka jana.

16 Novemba

Mvua. Mgongo. Hakuna la kuandika.

19 Novemba

Anifa amepiga simu kuuliza habari za Kashindye. Haya.

Hadithi ya filamu ni ya mpagazi wa enzi za misafara, anayetembea nyuma kabisa ya msafara kutoka hapa kwenda pwani, na mke wake anamuuza kwa tajiri mwenye msafara. Tajiri ni mimi, nani mwingine. Kwa mpagazi nilitaka mtu ambaye hajawahi kuigiza. Nikampata Kashindye, mkulima wa Lusu kule Nzega, Mnyamwezi mwenye mabega ya kubebea dunia. Tulilala hema moja miezi miwili tukiifuata ile njia ya zamani. Alikuwa mtu mtulivu, akilala anakoroma kwa mapumziko: mara tatu, kimya, mara tatu, kimya.

Ilikuwa mwaka 1981. Tulipobakiza mazishi ya mpagazi tu, Kashindye alishikwa na homa. Siku ya tatu akafa. Miaka thelathini na mbili.

Nikapiga picha mazishi yake ya kweli. Ndiyo dakika nne zilizonipa jina. Maiti inashuka, na mjane, uso wake peke yake umejaa kioo kizima, anacheka. Sekunde kumi na moja. Ilipoonyeshwa Dar mwaka 1983, ukumbi ulinyamaza mpaka ukasikia feni. Watu waliniuliza, "Yule mwigizaji umemtoa wapi?" Nilikuwa natabasamu tu.

23 Novemba

Leo mchana simu imelia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Shikamoo."

"Marahaba, nani mwenzangu?"

"Stela. Yule mjane anayecheka."

Nimekaa chini. Miaka arobaini na mitatu sijaisikia sauti ile. Amesema amesikia redioni kwamba filamu imepatikana na itaonyeshwa. "Msiionyeshe," akasema. "Ilishanitosha mara moja." Kabla sijajibu simu imekatika, au ameikata.

Zamda, binti yangu, amenikuta nimeshikilia simu kama kipande cha mkate. Akauliza nani. Nimesema wamekosea namba. Kwa nini nimemdanganya mwanangu sijui.

Hebu niandike ilivyokuwa, maana vijana kama Anifa hawajui. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za misafara. Mtani wako akifa, huendi kulia tu, unakwenda kufanya vituko. Unaingia kaburini, unalala, unasema hutoki mpaka upewe kuku. Unamwigiza marehemu. Wafiwa wanacheka, kifua kinafunguka, kisha mnazika. Ni wajibu huo, wala si utovu wa adabu. Mimi nilikuwa mtani wa Kashindye, nikaingia kaburini. Watu walicheka wote, na Stela akacheka. Kwenye kuunganisha filamu, vituko vyangu havikufaa, maana mimi humo ndani ni tajiri mkatili. Nikavikata. Kikabaki kicheko cha Stela. Ni ajali ya mkasi tu, basi.

1 Desemba

Mvua siku ya tatu mfululizo. Zamda ameweka ndoo chini ya tundu.

5 Desemba

Nimemwambia Anifa habari ya simu, maana Stela alikwisha kumpigia yeye pia. Nilidhani atanitetea. "Babu, kama huyo bibi hataki, haionyeshwi. Mimi sitasaini." Hivyo hivyo, bila hata pole.

Nimemkaripia. Nimemwambia wewe hukuwepo, ile ni sanaa, watu wazima walilia. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Vipande ulivyovikata viko wapi?"

"Vilitupwa."

Viko kwenye mkebe mmoja mdogo, ndani ya sanduku la bati, uvunguni mwa kitanda ninachokalia nikiandika haya.

12 Desemba

Tumerudi kutoka Ulyankulu, matope mpaka magotini. Nitaandika yote.

Anifa alikuja na gari la ofisi yao. Njia yote hakuniongelesha sana. Kwa Stela ni nyumba ya matofali, bani la kukaushia tumbaku pembeni, mahindi yamefika kiunoni. Tumemkuta anapalilia. Ana miaka sitini na saba, amenyooka, uso uleule. Mimi uso ule nimeutazama kwenye mashine ya kuunganishia filamu mara mia labda, kila mkunjo naujua. Yeye hakuwa na habari hiyo.

Alitoa kiti kimoja, akampa Anifa.

"Shemeji," nikaanza.

"Usiniite shemeji. Ushemeji wenu ulikwisha Lusu."

Nikasimama. Mvua ilianza kunyunyiza na yeye wala hakunikaribisha barazani, nikajisogeza mwenyewe.

Wazazi wake walikuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakapewa mashamba hapo Ulyankulu. Kashindye alimkuta sokoni, akatoa ng'ombe sita, akamchukua Lusu. Hayo nilikuwa nayajua. Yaliyofuata sikuyajua, au sikuuliza, ni kitu kilekile.

"Gari la sinema lilikuja Lusu jioni," amesema, "mwaka ule wa themanini na tatu. Kijiji kizima kimekaa chini shuleni. Mimi nimempakata Aleksi, ana miaka minne, namwambia tazama, baba yako yule. Anafurahi. Halafu nikajiona mimi. Mkubwa kama nyumba, nacheka, na mume wangu anashuka kaburini."

Akachomoa jani kwenye jembe.

"Asubuhi yake Leodgar, kaka wa marehemu, akaja na wazee. Akasema picha haidanganyi, mke huyu alimla mume wake na akafurahi. Mchawi. Wakanifungia mzigo. Nikamshika mtoto, wakanipokonya. Ng'ombe sita, mtoto ni wa ukoo. Tangu siku hiyo Aleksi sijamgusa. Sasa ana miaka arobaini na sita, ana wake wawili, amebakiza kidogo apate wajukuu. Nimemtumia watu mara tano. Anajibu kwamba yeye hana mama, mama yake alicheka."

Anifa alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nikasema, "Lakini wao walikuwepo! Walijua ni utani, walicheka wote!"

"Walicheka wote," Stela akasema. "Leodgar alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kwenye picha yako yuko wapi?"

"Niliwakata."

"Mimi mbona hukunikata?"

Jamani. Nilijifanya napangusa matope kwenye viatu.

Akaendelea yeye, sasa akimwambia Anifa, kana kwamba mimi ni kuku aliyesimama barazani. "Kwetu sikuwahi kuona mtu anaingia kaburini anadai kuku. Nimelia siku tatu, sijala. Huyu akaingia, akalala chali, akakoroma. Mara tatu, kimya, mara tatu, kimya. Kama mume wangu hasa. Niambie mwanangu, wewe ungefanyaje? Kicheko kilinitoka kama kikohozi."

Anifa akasema, "Bibi, tunaweza kukiondoa hicho kicheko. Ni kazi ya dakika tano."

"Mkikiondoa, Aleksi atasema wamemficha mchawi. Kicheko changu kikae. Rudisheni nilichochekea, mkakionyeshe Lusu, mwanangu akiwepo. Hapo onyesheni popote mnapotaka."

Anifa akanigeukia. "Babu, kweli vilitupwa?"

Stela naye akanitazama.

"Vilitupwa," nikasema.

Mtu mbaya wa filamu tisa, na leo nimeigiza vizuri kuliko zote.

13 Desemba

Sikula.

20 Desemba

Anifa amerudi Dar. Amesema bila vile vipande hakuna maonyesho, ataiweka filamu kabatini. "Labda ni haki yake kukaa humo," akasema. Nimemwambia hana adabu. Akasema samahani Babu, lakini sauti yake haikuomba samahani.

Nikifa kesho nitakuwa Bwana Kipimo basi, mtu wa kuchekwa na wauza nyanya. Filamu ile moja tu ndiyo ilikuwa inaniambia kwamba sikuwa sura peke yake.

Mkebe ninaweza kuutoa hata leo. Sio kwamba siwezi.

25 Desemba

Kengele za Krismasi, mvua, pilau kwa majirani. Nimemfikiria mtu wa Ulyankulu anasali na nani.

3 Januari

Zamda ananiuliza kwa nini nazungumza peke yangu. Nimesema narudia mistari.

9 Januari

Leo naandika hata kama sitaki.

Mchana wa leo mvua ilishuka ya kutisha, siyo ya kunyesha, ya kumwaga. Tundu la bati lilipanuka, maji yakawa yanamiminika pembeni ya ndoo, yakatiririka sakafuni, yakaanza kuingia uvunguni. Nilikuwa nimekaa kitandani. Niliyaona yakifika kwenye sanduku. Sanduku limeoza kwa chini, nalijua, nimelinunua mimi.

Nikakaa nikayatazama.

Sikuzimia, sikulala. Nilikuwa na miguu na mikono. Nilikaa kama nusu saa nikijiambia, haya, Mungu mwenyewe ameamua, sasa hata nikiulizwa tena nitasema kweli: havipo. Raha niliyoisikia naiogopa mpaka sasa.

Zamda akaingia amelowa kutoka shuleni anakofundisha. "Baba! Maji haya yote! Hukuona?"

"Nimeona."

Akalivuta sanduku kwa nguvu, akalifungua, akautoa mkebe. Ulikuwa umelowa nje. Alipoufungua chumba kizima kikanuka siki, kama achari iliyosahauliwa. Filamu za zamani zikianza kufa hunuka hivyo. Akasoma karatasi iliyobandikwa, mwandiko wangu mwenyewe: MAZISHI, MABAKI, NA SAUTI.

Zamda si mjinga. Habari ya Ulyankulu Anifa alimsimulia. Aliupangusa mkebe kwa khanga yake polepole, akauweka juu ya kabati, akakaa karibu yangu kitandani.

"Baba, kuna nini humu?"

Nikamwambia. Na hapa naandika, kwa sababu nimechoka.

Haikuwa ajali ya mkasi. Hadithi yangu ilihitaji mke msaliti anayecheka kaburini. Uso wa mke huyo ulikuwa bado haujaonekana kwenye filamu, na mwigizaji niliyemwandaa alikuwa hawezi, anacheka kama anasoma gazeti. Kashindye alipokufa, njiani kwenda msibani, ndani ya Landrova, nilimwambia Deus mpiga picha, Mungu amrehemu: nitaingia kaburini kufanya utani, wewe usinipige mimi, mpige mjane. Na nilijua la kumfanya acheke, maana miezi miwili nilikuwa nausikiliza ule mkoromo hemani. Hakuna mtu mwingine Lusu nzima aliyeujua ila mimi na mjane wake. Niliuchagua. Utani tuliachiwa na wazee wetu ili uwafungue wafiwa vifua, mimi niliufanya mtego. Na Deus aliposita, nilimwambia tena pale pale kaburini. Sauti yangu imo kwenye mkanda.

Zamda alikamua ncha ya khanga yake. Halafu akasema, "Na leo ulikuwa unangoja maji yafute."

"Ndiyo."

"Astaghfirullah, Baba." Akainuka, akampigia Anifa mbele yangu.

11 Januari

Mkebe umeondoka kwa treni, mkononi mwa Zamda mwenyewe. Amekataa nimsindikize stesheni.

17 Januari

Jua. Kila mtu analima. Mimi nangoja.

28 Januari

Anifa amepiga. Kwa mara ya kwanza hakuniita Babu.

"Mzee Sabiri, nusu imeoza. Tumeokoa dakika tatu na sekunde kidogo. Sauti imetoka yote."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikangoja aseme neno. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. Akasema tu kwamba ameunganisha vile vipande palepale vilipotoka. "Sasa lile tukio lako ni la dakika saba na halina uzuri wowote. Wewe uko kaburini unakoroma, watu wanavunjika mbavu. Filamu imevunjika katikati. Lazima nikuulize kama mwongozaji: unakubali?"

Yule mjane peke yake kwenye kioo, ule ukimya wa ukumbi, feni. Vyote vinakwenda.

"Na ile sauti?" nikauliza. "Lazima nayo?"

"Hilo nakuachia."

Nimesema nitampigia kesho.

29 Januari

Nimempigia. Iwekwe yote.

6 Februari

Leodgar amekataa maonyesho ya Lusu. Ana miaka sabini na sita, bado ndiye mkubwa wa ukoo Lusu. Kamjibu Anifa kwenye simu kwamba mambo ya zamani yamezikwa, na huyo mama asikanyage. Anifa akampigia Aleksi. Aleksi amesema hana la kuongea, akakata.

Ninawasema wengine kwa kukata. Haya.

10 Februari

Nimempigia Aleksi mimi. Nilirudia maneno asubuhi nzima kama mistari, alipopokea yote yakapotea.

"Mwangaluka, mwanangu," nikasema, kwa Kinyamwezi changu cha stesheni. "Mimi ni Sabiri. Nililala hema moja na baba yako."

Akauliza, "Ni yule Bwana Kipimo?"

"Ndiye."

"Mzee unataka nini?"

"Nina dakika tatu za mazishi ya baba yako ambazo hujaziona. Nilizificha mimi. Usije kwa ajili ya mama yako. Njoo ujue nani alifanya nini, halafu uchukie mtu sahihi."

Safari hii hakuikata simu, nimeikata mimi, salio liliisha.

15 Februari

Mtendaji wa kijiji ametoa ruhusa, uwanja wa shule. Anifa anasema ruhusa si watu.

23 Februari

Ilikuwa jana. Naandika nikiwa nyumbani, Zamda anapika, mvua imepumzika.

Tulifika Lusu saa kumi alasiri. Stela alikuwa kiti cha nyuma na Zamda, amevaa kitenge kipya, rozari mkononi. Tulipokaribia aliomba gari lisimame, akashuka, akatapika pembeni ya barabara, akasukutua, akapanda. "Twende," akasema.

Watu walikuwa wengi. Sinema ya bure ni sinema ya bure. Waliponiona wazee wakaanza, "Bwana Kipimo! Umezeeka bwana!" Watoto hawakujua wanacheka nini. Stela aliposhuka kelele zilikwisha ghafla. Wanawake wawili wazee walijifunika khanga mdomoni. Leodgar alikuwa ameketi mbele kabisa, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti. Hakugeuka. Aleksi sikumtambua mpaka Stela aliposimama kama amegonga ukuta. Alikuwa kando, ameegemea baiskeli, mabega yaleyale. Amekuja, lakini amekaa karibu na njia ya kuondokea.

Jua lilipozama Anifa akawasha. Walimwona Kashindye akitembea na mzigo, wakaanza kuitana majina, yule ni fulani, yule ni babu yako. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kitambaa, natazama watu, sio picha.

Mazishi yakaja. Nikaonekana nikirukia kaburini, kijana, na ile sura yangu, nikidai kuku. Uwanja ukacheka. Nikalala. Nikakoroma. Mara tatu, kimya, mara tatu, kimya. Na kamera ikazunguka, Deus alikuwa bado ananikaidi: wanawake wanacheka, wachimba kaburi wanacheka, na Leodgar, kijana, mdomo wazi mpaka koo, kofia inamdondoka, anaiokota, anacheka tena.

Halafu sauti yangu, safi kama nimesema jana: "Deus, mimi achana nami! Mshike mjane. Atacheka sasa hivi. Usimwachie!"

Na uso wa Stela. Sekunde kumi na moja.

Hakuna aliyecheka tena pale uwanjani. Anifa akasimamisha picha. Nilikuwa nimeandaa hotuba, na nimeifanya fupi. Nikasema sauti mliyoisikia ni yangu. Nikasema nilimchekesha kwa kukusudia, kisha nikawakata ninyi nyote nikamwacha yeye. Nikasema kama kulikuwa na mchawi pale kaburini, alikuwa ndani ya shimo, ndiye huyu.

Mtu akasema, "Lo!" Basi.

Aleksi akasogea mbele. Aliniacha mimi, akamwendea Leodgar.

"Baba mkubwa. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na ulicheka."

Leodgar aliitazama fimbo yake muda mrefu. "Tulicheka wote," akasema. "Tulijua. Shamba la baba yako lilikuwa zuri, na huyu alikuwa mgeni, hana ndugu hapa. Picha ilipokuja ikatupa maneno ya kusema."

Nami siku zote hizi nilikuwa nadhani filamu yangu ndiyo iliyomfukuza. Hata katika dhambi nilijipa sehemu kubwa. Nilipata aibu ya pili pale pale.

Aleksi akamwambia Anifa, "Rudisha." Akarudisha. Wakati wa mkoromo Aleksi akafumba macho, akasikiliza. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu hakutazama kitambaa kabisa. Alikuwa anamtazama mama yake, aliyesimama na rozari, hajasogea hatua hata moja tangu mwanzo.

Alikwenda taratibu, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, akasimama mbele yake, mikono haijui ikae wapi.

"Shikamoo, mama."

Stela alikawia kuitikia mpaka nikaogopa. Kisha akasema "Marahaba," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeamkiwa na mwanawe kila asubuhi ya maisha yake, na ndipo akanyoosha mkono, Aleksi akaudaka.

Tulipokuwa tunakunja nyaya nilimfuata. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Leodgar, watu wamemzunguka, mtoto mchanga wa mtu kawekwa mapajani mwake. Nilipiga magoti, na magoti yangu haya si ya kupigwa. Nikamwomba msamaha.

Alinitazama bila chuki, jambo hilo nalisema kwa haki.

"Ngoja kwanza, Sabiri," akasema. "Mimi nimengoja miaka arobaini na miwili."

Akarudi kumtazama mtoto. Zamda alininyanyua, tukaenda kwenye gari.